Mega Man 2 kwenye NES: ngome ya Wily inaniudhi, gemu bado siiuzi

Nina kaseti ya Mega Man 2 ya NES, mashine ya zamani ya gemu ya Nintendo, ile kaseti ya kijivu ya soko la Marekani, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kwa anayefikiria kutafuta ya kwake, aanze na hili: ndani hamna betri ya kufa. Gemu haihifadhi chochote. Ukikwama inakupa nywila ya vidoti tisa kwenye jedwali la miraba 25, unavinakili kwenye karatasi, siku nyingine unavirudisha. Ndiyo maana kaseti ya 1989, pini zake zikisafishwa vizuri, inawaka bila shida.

Kampuni ya Capcom iliitoa Japani mwishoni mwa 1988 kwa jina la Rockman 2. Wewe ni roboti Mega Man, mbele yako kuna maroboti manane ya kupigana nayo, kila moja bosi wa hatua yake, na unaanza na yeyote unayemtaka. Ukimuua bosi unachukua silaha yake, na silaha hiyo kuna bosi mwingine inayemuumiza kuliko kawaida. Utamu wote umelala hapo. Viputo vya Bubble Man vinamzima Heat Man. Moto wa Heat Man, ukiujaza mpaka mwisho, unamteketeza Wood Man. Majani ya Wood Man yanamvunja Air Man, ambaye bila hayo atakupeperusha mpaka uikasirikie pedi.

Mimi huanza na Metal Man. Sikufichi, ni njia ya mkato. Misumeno yake unairusha pande nane, inakula nishati kidogo mno, na inafaa karibu kila mahali. Kwa kweli imezidi. Ukiwa nayo unasahau kwamba una silaha nyingine, na hilo nalihesabu kuwa kasoro ya waliotengeneza. Ila wana utani pia: unapokutana na Metal Man kwa mara ya pili ndani ya ngome ya mwisho, ya adui mkuu Dr. Wily, kwenye kiwango rahisi cha ugumu, Normal, msumeno wake mmoja tu unammaliza. Mkuki kwa nguruwe!

Hatua ninayoipenda kuliko zote ni ya Quick Man. Unaporomoka kwenye mashimo huku miale ikichomoka ukutani, na ukiguswa umekufa, hata kama uhai wako umejaa. Time Stopper, silaha ya Flash Man ya kusimamisha muda, inaigandisha miale, lakini ukishaiwasha haizimiki mpaka nishati iishe. Na silaha hiyohiyo ndiyo inayomkata Quick Man nusu ya uhai. Sasa uamue: upite salama au uiweke kwa ajili ya bosi? Mimi siku hizi napita kwa mikono mitupu, maana miale imeshanikaa kichwani. Hapa TV ina neno lake. Kwenye TV bapa niliyonayo pedi inachelewa kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachoua. TV ya chogo haina tatizo hilo.

Muziki, ambao mtunzi wake mkuu ni Takashi Tateishi, umeshasifiwa vya kutosha. Niseme tu kwamba hatua ya kwanza ya ngome naweza kusimama bila kusogea, niusikilize.

Ngome yenyewe sasa. Kuna chumba cha mizinga mitano ukutani ambayo haisikii kitu isipokuwa mabomu ya Crash Man. Nishati ikijaa pomoni unapata mabomu saba, na kuna kuta zinazokuzuia ambazo nazo zinataka mabomu hayohayo. Ukikosea hesabu, kilichobaki ni kufa, kisha urudi nyuma kuokota nishati kwa maadui wadogo. Huo si ugumu, ni usumbufu. Juu yake, nywila haijui umefika wapi ndani ya ngome. Zima mashine, kesho unaanzia mlangoni.

Vitu vikijaa kwenye skrini picha inapepesa na mwendo unakuwa mzito. NES inaonyesha vitu vinane tu kwa mstari mmoja, hilo nimelizoea.

Asiye na mashine achukue Mega Man Legacy Collection ya 2015, yenye gemu zote sita za NES na uwezo wa kuhifadhi mchezo. Aliyekulia gemu za sasa aanze na Normal; Difficult ndiyo iliyo karibu na ile ya Kijapani, na pale hata misumeno haitoshi kukubeba. Nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu imeliwa na kile chumba cha mizinga.