Uzoefu wangu na lensi ya sonara: kisu cha Maktau ni cha 1913 au 1943?

Tulikuwa tukichimba shimo la choo nyumbani Maktau, Taita Taveta, jembe likagonga chuma kwenye futi 2 hivi. Likatoka donge la kutu lenye pete upande mmoja. Wazee wakasema papo hapo: kisu cha vita vya Mjerumani. Niliamini, maana mwaka 1915 Waingereza walikuwa na kambi kubwa hapa, na reli ya kutoka Voi waliijenga kwa ajili ya vita vile.

Nikakilaza kwenye mafuta ya taa siku 9, kisha nikakisugua polepole kwa mswaki. Msitie msasa, nawasihi. Jirani aliwahi kuupitisha upande mmoja kabla sijamzuia, na upande ule sasa hausomeki kitu.

Kilipolegea nikaona bapa moja nene, kifungua kopo, na mgongoni msumari mnene wa kulegezea mafundo ya kamba. Ni kisu cha kukunja cha jeshi. Pale bapa linapoingia mpinini palikuwa na neno SHEFFIELD, chini yake mshale wa mistari mitatu, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Halafu mwaka: 19, doa la kutu, 3. Kila mtu akasoma 1913.

Hapo ndipo niliponunua lensi ya kukunja, ile wanayotumia masonara kukagua vito, ya kukuza mara 10, kwa shilingi 650. Ya kwanza niliyouziwa mjini iliandikwa mara 30, lakini ukungu mtupu, niliirudisha. Hii ya mara 10 inaonyesha safi, ila lazima uisogeze karibu kabisa na jicho, kisha ulete kisu mpaka kitulie. Mwanga wa juu haufai. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze ubavuni ili mwanga uteleze juu ya chuma, na kila mkwaruzo utatupa kivuli chake. Nikapaka unga wa chaki, nikapangusa kwa kidole. Ndani ya doa ukabaki mstari mweupe uliolala, na mwingine wa mshazari ukiukuta. Moja haina mstari wa kulala. Ni 4. Kisu ni cha 1943.

Kwa hiyo hakihusiani na kambi ya 1915, hata kama kilikuwa kwenye udongo uleule. Mwaka 1944 askari wa keya (KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) walikuwa wakipigana Burma, na babu alikuwa mmojawao.

Lensi naipa alama 9 kati ya 10. Moja naipunguza kwa sababu skrubu yake hulegea. Kisu nimekipaka mafuta ya cherehani, nimekifunga kwenye kitambaa kikavu.

Nilipompigia shangazi na kumtajia 1943, hakuuliza habari ya mshale wala Sheffield. Aliuliza kama kina pete ya kufungia kamba kiunoni.

Kinayo.