Thunderbird kwa kusomea magrupu ya Usenet, mi naikubali

Jamani kwa wale ambao bado mnapenda magrupu ya Usenet, ule mtandao wa zamani wa mijadala, tangu Google Groups ifunge mlango wa Usenet Februari 2024 watu wengi wanauliza sasa tusomee wapi. Mi nina miezi kadhaa nasomea kwenye Thunderbird, ile programu ya imeli ya bure ya Mozilla, na nasema ukweli wangu wote, ni nzuri. Wengi wanaijua kwa imeli tu, hawajui kwamba Usenet nayo imo humohumo.

Kwanza uwe na seva. Thunderbird ni kama redio tu, stesheni unatafuta mwenyewe. Mi niko Eternal September, ni bure, unajisajili unapata jina na paswedi, ila ni maandishi matupu, mafaili makubwa hayapiti pale. Ukishapata hivyo unafungua akaunti mpya, uchague ile ya "Newsgroup" sio ya imeli, unajaza jina, imeli na anwani ya seva, basi. Kwenye imeli usiweke ya kweli, maana meseji za Usenet zinasomwa na kila mtu, na wale wa spamu wanapita wanaokota anwani humo, weka yoyote inayoishia na .invalid inatosha.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini. Wakati unafungua akaunti huulizwi paswedi popote, na kuna seva ambazo usipojitambulisha zinakuonyesha magrupu machache tu au hazikuonyeshi kitu, mi nilipoteza jioni nzima nabadilisha paswedi kumbe paswedi haina shida, ni tiki moja sikuweka. Nenda kwenye seting za seva ya hiyo akaunti, weka tiki pale pa kuomba utambulisho kila unapounganisha, halafu chagua SSL/TLS, yaani muunganisho wa siri, utaona poti inatoka 119 inakuwa 563. Ukitoka hapo bonyeza kulia kwenye jina la akaunti, "Subscribe", orodha itakuja, mara ya kwanza inachukua muda kwa hiyo vumilia. Usishuke nayo yote, andika tu herufi za mwanzo kwenye kisanduku cha kutafutia, comp. ni mambo ya kompyuta, sci. sayansi, rec. burudani na michezo. Grupu likiwa na meseji nyingi itakuuliza ushushe ngapi, chukua 500 kwanza, ukitaka zingine utarudi.

Lakini kilichonifanya nibaki ni kusoma kwenyewe. Uzi unakaa kama mti, jibu chini ya meseji inayojibiwa, unaona kabisa nani kamjibu nani. Juzi kwenye grupu moja la programu watu wawili walishikana kuhusu tab na spesi, kipi kitumike kupanga mistari ya kodi, meseji zimepita themanini, nikabonyeza K mara moja uzi wote ukapotea machoni na majibu mapya yakija siyaoni. Uzi unaoupenda bonyeza W, unawekewa alama uwe unaufuatilia. T inauweka uzi wote kama umesomwa na kukupeleka kwenye uzi mwingine ambao bado. Yani herufi tatu tu, asubuhi napita magrupu sita kabla chai haijapoa.

Kingine, kuna "Reply" na kuna "Followup" na hivi viwili havifanani kabisa!! Followup inaenda kwenye grupu, Reply inaenda kwa mwandishi peke yake, sasa kama naye kaweka .invalid jibu lako halifiki popote. Na kwenye seting za kuandika toa tiki ya HTML, yale maandishi ya mapambo, kuna watu wanasomea kwenye programu za zamani za maandishi tu, ukituma HTML wanapata takataka za alama, tuwaheshimu.

Kasoro zipo. Waliozoea slrn au Gnus, programu nyingine za kusomea Usenet, watakosa ule utaratibu wa kuzipa meseji alama ili nzuri zije juu, hapa una filta za kawaida tu. Na Thunderbird ya Android haina Usenet kabisa, ukiwa njiani ndo basi tena mpaka urudi kwenye kompyuta. Kwa hiyo naipa nne na nusu kwa tano, hiyo nusu nimekata kwa ajili ya simu, siku wakiiweka narudisha.