Hamira ya SafAle K-97: pakiti moja, bia mbili, na ubishi wa jina la Kölsch

Pakiti ya gramu 11.5 ya SafAle K-97, kutoka Fermentis ya Ufaransa, inatosha ndoo moja ya lita 20. Mtengenezaji anataka gramu 50 hadi 80 kwa kila lita 100. Kwa ndoo hiyo unapata kiwango cha kama gramu 57 kwa lita 100, kwa hiyo usiigawe pakiti ili ikupikie mara mbili. Inyunyize moja kwa moja juu ya maji ya kimea yaliyokwisha kupoa. Haihitaji kulowekwa kwanza. Kwa mpika bia wa nyumbani anayesita kati ya Kölsch, bia ya rangi ya mwanga ya mji wa Köln, Ujerumani, na Altbier, bia ya kahawia ya Düsseldorf, hii ndiyo hamira ya kununua, maana inazitoa zote mbili vizuri. Ila ina tabia mbili zinazomtisha asiyeijua: povu lake na ukungu wake.

Povu kwanza. Linapanda jingi, zito, linasimama kama ute wa yai uliopigwa. Lita 20 ziweke kwenye chombo cha lita 30. Ukitumia cha lita 25, povu litaingia kwenye kizibo cha maji (kile kinachotoa gesi bila kuingiza hewa), mabaki ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, yataziba tundu, gesi itakosa pa kupitia, na kifuniko kitaruka. Kama huna chombo kikubwa, toa kizibo na uchomeke mpira wa milimita 12 au zaidi, ncha ya pili uizamishe kwenye chupa ya maji yenye dawa ya kuulia vijidudu. Halafu povu hili halishuki upesi. Bia inaweza kuwa imemaliza kuchachuka na povu bado liko juu, kwa hiyo jicho halikufai hapa. Pima kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa bia ukilinganisha na maji (maji ni 1.000), rudia baada ya siku mbili, ukipata 1.009 mara zote mbili, imekwisha.

Ukungu ndio kasoro yake kubwa. Hamira ya Nottingham, kwa mfano, huzama chini haraka, lakini K-97 inaelea tu. Poza bia hadi nyuzi 2 za Selsiasi kwa siku mbili ili protini zijikusanye. Kisha yeyusha gramu 3 za jelatini isiyo na ladha katika mililita 150 za maji ya nyuzi 70, umimine ndani taratibu. Yasichemke, kwani jelatini iliyochemka hupoteza nguvu ya kukamata uchafu. Siku mbili baadaye bia inang'aa. Asiyetaka jelatini aiache kwenye baridi hiyo wiki nne.

Na hapa ndipo ubishi wa majina unapoanza, kwa sababu kung'aa ni sehemu ya jina lenyewe. Viwanda vya bia vya Köln vilitia saini mkataba mwaka 1986 unaosema Kölsch ni bia ya rangi ya mwanga, iliyochachuka hadi kukauka, yenye kusikika hopsi, iliyochujwa, na iliyopikwa Köln au jirani yake. Tangu 1997 Umoja wa Ulaya unalilinda jina hilo. Ile isiyochujwa, yenye ukungu, wenyewe wanaiita Wiess. Kwa hiyo ndoo yako ya K-97 isiyosafishwa, ukiiita Kölsch, umekosea mara mbili: kwa mahali na kwa sura. Kwenye lebo andika "mtindo wa Kölsch". Ni heshima kwa mji ule na haipunguzi utamu wa bia.

Ubishi wa pili ni kama Kölsch ni eili, bia inayochachuka kwenye joto, au ni laga, bia inayochachuka na kukomaa kwenye baridi. Hamira yake ni ya eili, lakini bia inalazwa kwenye baridi kama laga, na neno Lager kwa Kijerumani lina maana ya ghala. Mwongozo wa 2008 wa BJCP, shirika la waamuzi wa mashindano ya bia, uliiweka Kölsch kwenye kundi la bia chotara. Toleo la 2015 likaliondoa kundi hilo, Kölsch ikawa 5B na Altbier 7B. Nadhani walifanya vizuri. Neno chotara halikumwambia mpikaji chochote kuhusu joto, wala kimea, wala uchungu.

Hivyo ndivyo vinavyoamua. Kwa lita 20 za mtindo wa Kölsch: kimea cha Pilsner kilo 4.2 na cha ngano gramu 200, kilowekwe nyuzi 65 kwa saa moja, utapata kama 1.048. Kwenye kuchemsha kwa saa moja weka hopsi za Tettnang, gramu 45 mwanzoni na gramu 15 zikibaki dakika kumi. Ukitaka Altbier ya Düsseldorf, badili kilo 2 za Pilsner kwa kimea cha Munich, ongeza gramu 100 za Carafa Special (kimea cheusi kilichokaangwa), na zile hopsi za mwanzo zifike gramu 75. Hamira ni ileile, ndoo ileile.

Joto ndilo linalotenganisha bia safi na bia yenye harufu ya matunda. Mtengenezaji anataja nyuzi 18 hadi 26, lakini kwa bia hizi mbili kaa 16 hadi 18. Aliye Dar es Salaam au Mombasa bila jokofu lenye kidhibiti joto asiinunue. Chumba cha nyuzi 29 kitaiharibu.

Dukani, kagua pakiti kabla ya kulipa.  Ikiwa imetoboka au imeharibika, irudishe.