Haibridi nyepesi kutoka Japani: uanze na ipi?

Gari likibandikwa neno "Hybrid" nyuma, bei hupanda, na wengi hudhani wanapata kitu kama Toyota Aqua. Sivyo. Aqua huweza kusogea kwenye foleni kwa umeme mtupu. Haibridi nyepesi inavutwa na injini ya petroli; mota ndogo iliyokaa mahali pa alteneta huisaidia wakati wa kuondoka, huchaji ukikanyaga breki, na huiwasha injini iliyojizima kwenye taa.

Kwa msaada mdogo hivyo, wepesi wa gari lenyewe ndio unaookoa mafuta. Ndiyo maana namba moja naipa Suzuki Swift ya kuanzia 2017, Hybrid ML au Hybrid RS: cc 1200, mota ya kilowati 2.3, uzito chini ya kilo 1,000. Inanusa mafuta kweli. Kipimo cha Kijapani cha JC08 kiliipa ML kilomita 27.4 kwa lita, na Swift XG isiyo haibridi, ya CVT (gia za otomatiki), 24.0. Ila JC08 ni ya maabara. Barabarani namba zote mbili hushuka na pengo hupungua. Ukipata XG safi kwa bei ya chini sana, chukua.

Mwenye watoto aangalie Suzuki Solio. Injini ni ileile, milango ya nyuma inateleza, ila kimo chake kinakamata upepo. Safari ya Dodoma utaliona hilo kwenye mafuta.

Nissan Serena S-Hybrid ni ya tatu. Ina cc 2000, zaidi ya kilo 1,600, na mota isiyofika kilowati 2. Ukipanda Kitonga na abiria saba, mota hiyo huioni. Inunue kwa ajili ya viti vinane.

Mercedes C200 ya 2018 hadi 2020 ina mfumo wa volti 48 na mota ya kilowati 10, na hapo msaada unausikia mguuni kabla turbo haijashika. Inachomoka vizuri sana. Naiweka mwisho kwa sababu ya matengenezo: usiinunue kabla hujampata fundi mwenye kompyuta ya kuusoma mfumo huo.

Kabla ya kulipia Swift au Solio, iendeshe mpaka ipate moto, zima AC, kisha simama. Injini ijizime, ukiachia breki iwake kimyakimya, bila mlio wa stata. Isipojizima kabisa, shuku betri kwanza. Ulizia pia betri kubwa ya volti 12 (si ile ndogo ya haibridi) ilibadilishwa lini na kwa aina gani: magari haya yanataka ile ya kuhimili kuzimwa na kuwashwa mara kwa mara, na ya kawaida hufa mapema.