Kabari za magurudumu ya ndege: mpira au mbao?

Iwe Kisongo (uwanja wa ndege wa Arusha) kwenye ndege ndogo au KIA (uwanja wa Kilimanjaro) kwenye kubwa, mjadala haujaisha.

Kwa bei, mbao inashinda: seremala yeyote anakuchongea jozi ya mninga, na ikipasuka anachonga nyingine. Lakini masika, lami ikilowa, mpira hung'ang'ania chini. Mbao iliyonyonya mafuta huteleza, na kingo zake hutoa vibanzi vinavyochoma viganja. Adui wa mpira ni jua. Ukiona nyufa, uondoe kazini. Zote zipakwe rangi ya kung'aa na kila jozi iunganishwe kwa kamba.

Mwenye ndege ndogo moja ya Cessna kwenye banda kavu, mbao inamtosha. Anayepokea ndege mfululizo kwenye mvua, anunue mpira.

Tafadhali sana: usisogelee gurudumu propela ikizunguka. Subiri injini zizimwe na taa nyekundu inayomweka izimike, ndipo uanze na gurudumu la pua. Acha nafasi ndogo kati ya kabari na tairi. Ndege ikijazwa mafuta tairi hutanuka chini, huibana kabari, na anayeivuta kwa nguvu ndiye anayeteguka mgongo.