Pampu ya kumwagilia shamba dogo: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Kabla hujatoa hela, tafuta kamba, ifunge jiwe, uishushe kisimani. Fanya hivyo mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yameshuka kabisa. Urefu wa kamba kavu, kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye maji, ndio utakaokuchagulia pampu. Pampu inayokaa juu ya ardhi hainyonyi maji yaliyo kwenye kina cha zaidi ya mita 7 hivi, hata iwe na injini ya trekta, kwa sababu kinachoyapandisha maji kwenye mpira ni mgandamizo wa hewa ya nje. Na ukiwa nyanda za juu, ondoa mita moja kwa kila mita 1,000 za mwinuko.

Mimi nilipuuza kamba, ikanitokea puani. Nilinunua pampu ya petroli ya inchi tatu, ya kutoa lita 1,000 kwa dakika, kwa kuwa muuzaji alisema ndiyo "ya wanaume". Kisima changu kina upana wa mita 1.2 na maji ya mita 4. Piga hesabu: ni lita 4,500 tu. Dakika kumi hazikufika, ikaanza kuvuta tope.

Kipimo cha pili ni mahitaji. Jua likiwa kali, mazao hutaka karibu milimita 5 za maji kwa siku. Kwa robo eka hizo ni lita 5,000. Shika namba hiyo.

1. Pampu ya sola. Miaka kumi na tano iliyopita nisingeithubutu. Lakini katika miaka ya 2010 bei ya paneli ilianguka kwa takribani asilimia 90, na hesabu zote zikageuka. Kuinua lita 5,000 hadi mita 10 kunahitaji paneli za wati 200 hivi, pamoja na upotevu wa njiani. Maji yakiwa kwenye kina cha zaidi ya mita 7, chukua ile ya kuzamishwa majini. Usiuziwe betri. Nunua tangi, lijaze mchana, umwagilie jioni. Maji yaliyo juu ya mnara ni akiba tosha, nayo hayachakai.

Ila sola ina hila yake. Kwa kuwa jua halilipiwi, mtu huiacha pampu ivute kutwa, jirani naye vivyo hivyo, na maji ya ardhini yanazidi kushuka. Kule Dhundi, jimbo la Gujarat nchini India, wakulima waliunda ushirika unaouza umeme wa ziada wa sola zao kwenye gridi. Aliye na mnunuzi wa umeme ana sababu ya kuizima pampu. Naona huko ndiko tunakoelekea, maana maji yakiisha hakuna paneli itakayoyarudisha.

2. Pampu ya umeme wa gridi. Kama nguzo iko karibu na umeme haukatiki ovyo, hii inaipita hata sola. Wengi wetu hatuna bahati hiyo, ndiyo maana nimeishusha.

3. Pampu ya petroli. Bei ya kuanzia ni nafuu, na inabebeka kwa baiskeli hadi mtoni. Kwa watu watatu wanaochangiana, au wa kumwagilia mara chache tu msimu mzima, inafaa sana. Kwa kumwagilia kila siku, utakuwa unalifanyia kazi galoni la mafuta.

4. Pampu ya kukanyaga. Ilienea kutoka Bangladesh kuanzia miaka ya 1980 na imeokoa mashamba mengi. Lakini lita zako 5,000 ni saa mbili tatu za miguu kila siku. Muulize atakayekanyaga kabla hujainunua. Mara nyingi si yule anayelipa.

Mipira ya matone, ile yenye matundu madogo ya kudondoshea maji kwenye shina, si pampu, lakini huenda ikakupunguzia ukubwa wa pampu. Mfereji wa udongo hupoteza hata nusu ya maji, matone hupoteza kidogo mno. Mipira hiyo hufanya kazi kwa tangi lililoinuliwa mita moja tu, ilhali vinyunyizi vingi hutaka msukumo wa maji yaliyoinuliwa mita 20. Ukiuziwa pampu ndogo ya sola pamoja na vinyunyizi, huyo muuzaji hajui biashara yake au anaijua mno. Usisahau chujio, na ulioshe kila wiki. Matundu yakiziba, mimea hukuambia baada ya kunyauka.

Mwombe muuzaji jedwali la pampu, usome lita kwenye mstari wa kina chako hasa, si ile namba kubwa ya kwenye boksi, ambayo ni ya kina sifuri. Kisha siku ya kufungiwa, saa sita mchana jua likiwa wazi, inua mdomo wa bomba hadi kimo cha tangi na ujaze dumu la lita 20 huku ukihesabu. Kwa robo eka, likipita sekunde 72, pampu haifikishi lita 1,000 kwa saa, yaani lita zako 5,000 kwa saa tano za jua; usitie sahihi.