Pweza wao mtamu, lakini mjomba wangu aliambiwa "hapa tunatumia uma"

Kuna mgahawa mmoja wa ufukweni hapa Mtwara, nje kidogo ya katikati ya mji, unaopika pweza wa nazi ambaye sijaona wa kumshinda. Natanguliza hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu haya yanayofuata yatawafanya mdhani nina ugomvi na chakula chao. Sina. Ugomvi wangu ni na mhudumu mmoja na meneja wake, na haujaniisha hadi leo. Jina silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua.

Ulikuwa msimu wa korosho, malipo ya mnada yameshaingia benki, mjomba akateremka kutoka Newala kufuatilia mambo yake na kutujulia hali. Kwa wasiotoka huku niwaeleze: sisi Wamakonde ukoo tunauhesabu kwa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mjomba wangu ndiye aliyenipeleka jandoni, ndiye aliyenisimamia wakati wa posa, na baba yangu alipofariki ndiye aliyenilipia ada. Mzee kama huyo akija mjini, mpwa hamlishi chipsi mayai stendi. Ujanani alikuwa kuli hapo bandarini Mtwara, na kila akija husimulia pweza waliokuwa wakila jioni baada ya kupakua meli. Nikamwambia, "Mjomba, leo nakupeleka ukale pweza wako." Akachana ndevu, akavaa kofia yake safi na shati la Ijumaa. Jamani, mzee alijiandaa.

Tulifika mchana, na ilikuwa bamvua. Watu wa pwani mnaelewa: mwezi ukiandama au ukipevuka maji hukupwa mbali sana, miamba hubaki wazi, na kina mama na vijana hushuka na vijiti vyao kuchokoa pweza mashimoni. Ukienda hotelini wakati wa maji mafu, pweza utakayepewa mara nyingi ametoka kwenye friza. Wakati wa bamvua kisingizio hakuna. Kwa hiyo nilijua tunakwenda kula pweza wa asubuhi ile ile, na kwa hilo hawakuniangusha hata kidogo.

Mapokezi sasa. Akaja kijana mwenye umri wa kuwa mjukuu wa mjomba, simu mkononi, akamtazama mzee mwenye mvi tele akamwambia, "Mambo." Mjomba akanyamaza. Mimi nikangoja shikamoo. Haikuja. Nikameza, kwa sababu siku ile ilikuwa ya mzee na sikutaka kuianza kwa kugomba. Nikaagiza pweza wa nazi kwa wote, ugali, kachumbari yenye pilipili, na juisi ya ukwaju. Ugali wa muhogo hawana, wana wa sembe tu, jambo ambalo kwa mkoa huu ni aibu, ila tuliache.

Chakula kikaja. Harufu ya lile tui ilitutangulia. Mjomba akakunja mikono ya shati, akasogeza kiti, akamwambia kijana kwa upole kabisa, "Mwanangu, naomba maji ya kunawa."

Kijana akachukua uma kwenye meza ya jirani, akauweka mbele ya mzee. "Mzee, hapa tunatumia uma." Akageuka, akaenda zake.

Niseme nini? Mjomba anajua kutumia uma. Amekula na mabaharia wa kila taifa kabla huyo kijana hajazaliwa. Lakini ugali na pweza wa nazi unakulaje kwa uma? Tonge unalifinya, unalichovya kwenye tui, unabana nalo kipande cha mguu, unapeleka kinywani. Ndivyo chakula kile kilivyo, na wao wenyewe ndio walioandika ugali kwenye menyu yao. Kama hamtaki watu wanawe, pikeni tambi.

Na kuna jambo lililonichoma zaidi, na nadhani wa Newala, Tandahimba na Nanyamba mtanielewa haraka. Uwanda wa Makonde hauna mito. Juu kule udongo hunywa mvua yote, na miaka ya mjomba ya utoto maji yalifuatwa mabondeni, chini kabisa ya mteremko, watu wakitoka usiku na kurudi jua limeshapanda. Mama zetu waliyabeba kichwani wakipanda ule mlima. Ndoo moja ilikuwa mali. Na bado, katika umaskini ule wa maji, hakuna mgeni aliyeingia nyumbani kwa bibi yangu akala bila kunawishwa. Watoto walilala bila kuoga ili mgeni anawe. Mtu aliyelelewa hivyo, leo amekaa mbele ya Bahari ya Hindi, amelipiwa sahani ya 18,000, anaomba maji kidogo ya mikono na anapewa uma.

Niliinuka kutafuta maji mwenyewe. Kwenye sinki la chooni koki ilitoa upepo. Mlangoni pale ile ndoo yenye koki, zile zilizowekwa kila mahali wakati wa korona, bado ipo, lakini ndani yake wameweka mwavuli na fagio. Nikazunguka upande wa jikoni. Na hapo ndipo damu ilipopanda: kwenye kidirisha cha kupitishia chakula kulikuwa na birika la maji, beseni, na kipande cha sabuni ya mche, na mhudumu yule yule alikuwa ananawa ili akale. Yeye! Ananawa kwa birika, halafu mzee wangu apewe uma.

Nikamwita meneja. Mwanzo alinisikiliza vizuri, nikadhani nimepata mtu mzima. Nikamweleza polepole, tena kwa heshima. Jibu lake: "Kaka, sisi wateja wetu wengi ni wageni, hawaulizi hayo mambo." Nikamuuliza, mzee aliyetoka Newala si mgeni? Mgeni ni nani? Akasema nisimwelewe vibaya. Nilimwelewa vizuri sana.

Aliyeokoa siku ni mama wa jikoni. Alisikia sauti yangu, akatoka na kanga kiunoni, jasho usoni, birika mkono mmoja na beseni mkono mwingine, akapita katikati ya meneja na mimi bila kutuambia neno. Akaenda moja kwa moja hadi mezani, akainama. "Shikamoo baba. Tusamehe. Nyoosha mikono." Mjomba akaitikia, "Marahaba mwanangu," na sura yake ikarudi. Mama yule akammiminia taratibu, akangoja mzee ajisugue sabuni mpaka nyuma ya viganja, akammiminia tena. Akamuuliza kwao wapi. Aliposikia Newala wakahamia Kimakonde wote wawili, na mimi nikabaki nimesimama na hasira yangu sijui niiweke wapi.

Sasa huyo pweza. Lazima nimtendee haki, kwa sababu huyo mama anastahili. Walikuwa pweza wakubwa, miguu minene, siyo wale watoto wa chini ya gramu 500 ambao kanuni za uvuvi zimekataza na bado unawakuta wamepangwa sokoni bila haya. Ngozi imekuwa ya zambarau iliyoiva, imeshikana na nyama, haijachubuka. Unauma, panakuwa na ukinzani kidogo, kisha panaachia. Baadaye nilimuuliza siri. Akasema wanampiga kwanza akiwa mbichi, halafu anamweka sufuriani bila maji, anachemka kwa maji yake mwenyewe, na chumvi anatia mwishoni tu, maana ukiitia mapema anakuwa mgumu. Tui jepesi linaingia kwanza na bizari na nyanya kidogo. Tui zito ni la mwisho kabisa, moto mdogo, unakoroga bila kuacha na hufuniki, lisije likakatika. La kwake halikukatika. Lilikuwa zito, limeng'aa, na lina uchachu kidogo tu wa limau. Mjomba alikula kimya hadi akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, kisha akasema, "Huyu ndiye." Maneno mawili. Kwa nusu saa ile nilikuwa tayari kusamehe kila mtu. Nilikuwa hata nimeanza kutunga kichwani sifa za kuwaandikia.

Ndipo bili ikaja.

Pweza sawa, ugali sawa, juisi sawa. Chini kabisa: maji chupa kubwa, 1,500. Hatukuagiza chupa ya maji. Haikufika mezani. Nikamwonyesha kijana. Akanijibu bila kupepesa, "Si mlitaka maji?"

Wallahi nilitetemeka. Meneja akaja tena, akaangalia karatasi, akaniambia, "Ni 1,500 tu kaka, mbona unalikuza?" Hakusema kwamba ni kosa. Hakufuta. Kama angesema samahani tungemaliza hapo hapo, na ningeongeza bakshishi. Mjomba akanigusa bega, "Lipa mpwa wangu, twende." Nililipa kila shilingi kwa sababu mjomba kasema, na kwa sababu hiyo tu. Kabla ya kutoka nilirudi kwenye kidirisha nikampa mama yule chochote mkononi mwake, siyo kwenye kile kisanduku cha kaunta.

Njiani mzee hakuzungumzia uma wala bili. Alizungumzia tui. Hasira ni yangu, sikukabidhiwa na mtu, na nitaendelea nayo. Maana mji huu sasa unataka watalii. Watu wanakuja kuona Mikindani, boma la Wajerumani la 1895, mahali Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866, wanakwenda Msimbati kuogelea. Vizuri, karibuni sana. Lakini wenye migahawa wakianza kudhani mgeni ni yule tu asiyejua Kiswahili, watatufukuza sisi tunaowalisha miezi yote ambayo hao watalii hawapo. Mvua za masika zikishika, ni nani anakaa kwenye vile viti vyenu? Ni sisi, na wajomba zetu.

Mkiniuliza mkale wapi badala yake: pweza wa jioni upande wa feri. Jua likizama wauzaji wanawasha vibatari na taa zao, sufuria la supu linachemka, kijana anakukatia mguu vipande kwa kisu juu ya ubao, unachomeka kijiti, unachovya kwenye pilipili ya limau, supu unakunywa kwenye kikombe. Maji ya kunawa yapo kwenye dumu na utamiminiwa bila kuomba, na kwa bei ya sahani moja ya kule watu wanne mnaondoka mmeshiba. Pweza wa nazi hapo hupati, ni wa supu na wa kuchoma. Mikindani nako kuna mama lishe kando ya barabara, na lile ghuba limetulia kama ziwa. Samaki wa kukaanga wa kwao ni mzuri ukiwahi mchana, ukichelewa utakuta vichwa. Ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku, ya kuchemsha na chumvi ya pilipili, mnunue popote mtakapowaona kina mama na mabeseni, hata pale Mnazi Mmoja kwenye njia panda ya Lindi na Masasi, kama gari likisimama. Juisi ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, ni ya msimu tu, na iwe ya siku hiyo hiyo. Ikilala imeshakuwa kitu kingine na mtalewa.

Kuhusu ule mgahawa, nilikusudia kuandika msikanyage kabisa. Niliandika hivyo, nikafuta. Kwa sababu nikisema msikanyage, atakayekosa kazi wa kwanza siyo meneja, ni yule mama wa jikoni. Halafu nikikumbuka "si mlitaka maji?" nataka kuandika tena msikanyage. Nyota mbili kati ya tano, basi, na zote mbili ni za sufuria lake. Akihama leo, zihesabuni sifuri. Na akifungua kibanda chake mwenyewe, hata kiwe cha makuti chini ya mwembe, mtu anijulishe, nitampeleka mjomba kabla ya msimu ujao wa korosho.

Mkienda kabla ya hapo, ombeni maji ya kunawa kwanza, kabla hata ya kushika menyu. Mkiletewa, kaeni mle pweza. Mkiletewa uma, inukeni. Bajaji zinapita pale hadi usiku, na feri si mbali.